Kijiko Kilichorudi Sufuriani

Jioni hiyo Tonge Tatu alitoka kwake kama alivyotoka siku zote: viatu vya chini, daftari kwapani, chupa ndogo ya maji, na ndani ya mkoba kijiko cha marehemu mama yake kimefungwa kwenye kitambaa safi. Alikuwa anakwenda kazini. Na kazi yenyewe ilikuwa kula.

Ndiyo, kula. Gazeti lilimtuma azunguke migahawa ya jiji lile kubwa, mtaa kwa mtaa, kisha awaandikie watu wapi supu ni supu na wapi ni maji yaliyopitishwa karibu na mfupa. Jina la Tonge Tatu alipewa na wapishi, maana hakuzidisha tonge tatu kwenye sahani yoyote. La kwanza la chumvi, la pili la moto, la tatu la moyo wa mpishi. Akishaweka kijiko chini, mpishi anayechungulia mlangoni jasho linamtiririka.

Hakuwa na shamba, hakuwa na duka. Alikuwa na ulimi.

Tena ulimi huo ndio uliobaki na mama. Picha za mama zilikuwa mbili, zote hazifanani naye. Sauti yake ilikuwa inafifia mwaka hadi mwaka. Lakini maharage yake, yale yenye kitunguu alichokiacha makusudi kiungue kidogo pembeni, hayo Tonge Tatu akifumba macho anayapata yote, palepale ulimini.

Mama alikuwa mpishi wa shule. Jikoni kwake palikuwa na sheria moja isiyo na mjadala. Chakula kinaonjwa kiganjani: unachota kwa upawa, unadondoshea kiganjani, unalamba. Ukitaka kutumia kijiko, tumia, lakini ukishakilamba hakigusi tena sufuria mpaka ukisuuze. Aliyesahau alipigwa mwiko wa vidole, hata awe mgeni.

"Unaiachia sufuria kitu chako," mama alikuwa akisema. "Sasa kaiombe ikurudishie, tuone."

Mabinti zake wawili walidhani ni habari ya usafi tu. Ndiyo maana ya ile chupa ya maji mkobani. Kila alipoonja, Tonge Tatu alisuuza.

Basi, jioni hiyo palikuwa na maonyesho ya vyakula kwenye ghala kuukuu lililokuwa la nguo zamani. Vibanda arobaini, vimepangwa mistari minne, taa zimening'inizwa juu, moshi wa nyama umetanda chini ya bati. Watu wamebanana, kila mmoja na sahani ya karatasi. Alianza na mkaanga samaki, mtani wake wa siku nyingi.

"Wewe, ukiandika tena samaki wangu ni mkavu, nahamia kwako," mkaanga samaki akasema.

"Hamia. Ila uje na mafuta, maana hapa naona umeyaonea huruma."

"Mwone. Mdomo huo utakuponza siku moja."

Wakacheka. Alionja, akasuuza, akaenda kwa mchoma nyama, kwa muuza kahawa, kwa mama wa keki. Kibanda cha arobaini alipokimaliza, chupa ya maji ilikuwa imekauka. Akafunga daftari. Akageuka aondoke.

Ndipo harufu ikamfikia...

Kitunguu. Kimeungua kidogo pembeni.

Alisimama kama aliyeitwa. Pembeni yake watu walipita wanatafuna, wanaongea, hakuna aliyegeuza shingo. Aliifuata harufu. Ikampitisha nyuma ya turubai, kando ya karo za kuoshea vyombo, mahali taa za maonyesho hazikufika. Na kadiri alivyosogea, zile kelele zote za ghalani zilinywea, kama mtu anayefunga mlango polepole.

Palikuwa na jiko la mkaa. Juu yake sufuria, nyeusi kwa masizi. Nyuma yake mwanamke mtu mzima, kilemba kimeshuka hadi nyusi, anakoroga. Hakuwa na namba ya kibanda. Hakuwa na sahani hata moja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Sauti ilikuwa nyembamba, ya kunong'ona. "Umechelewa. Nilijua utakuja."

"Unauza?"

"Siuzi. Natafuta mtu wa kunionjea. Mimi sijui kama chumvi imekolea."

Tonge Tatu alitabasamu. Mpishi asiyejua chumvi yake? Akafungua kitambaa, akatoa kijiko, akachota. Akaweka mdomoni.

Akafumba macho.

Yalikuwa maharage ya mama. Si yanayofanana nayo. Ya mama mwenyewe, yale ya Jumamosi, ya kugombania ukoko na dada. Alisikia hata mlio wa mwiko ukigongwa ukingoni mwa sufuria, ko ko ko, njooni mle... Ila kilipungua kitu kimoja. Kidogo tu, mwishoni kabisa, kama jina la mtu unayemjua vizuri likakugomea kutoka. Akilamba mara moja tu zaidi, atalipata.

Akaipapasa chupa. Tupu.

Mwanamke alikuwa ameacha kukoroga. Macho yake yalikuwa kwenye kijiko.

"Onja tena," akanong'ona.

Vidole vya Tonge Tatu viliwasha, palepale mwiko wa mama ulipokuwa ukitua. Alivisikia. Baadaye alikiri mwenyewe kwamba alivisikia. Lakini alikuwa mtu mzima, na mama alikuwa kaburini, na jina lilikuwa karibu mno kutoka...

Akarudisha kijiko.

Mchuzi ulikipokea bila mlio. Hata mkaa uliacha kualika.

"Ahsante," mwanamke akasema.

Kisha akachovya kidole kwenye sufuria ile ya moto, taratibu, hata hakushtuka, akakilamba. Uso ukamkunjuka. Machozi yakaanza kumteremka, na huku anacheka, cheko la mtu aliyefunguliwa kamba.

"Imezidi," akasema. "Jamani, chumvi imezidi. Miaka kumi na mmoja... na kumbe imezidi."

Tonge Tatu alikipeleka kijiko mdomoni. Akatafuna.

Hakuna kitu.

Ulikuwa uvuguvugu tu, kama anatafuna kitambaa kilicholowa. Harufu bado ilikuwepo, ikimzunguka puani, lakini ulimini palikuwa kimya.

"Umenifanya nini?"

"Usinilaani, mwanangu. Na mimi nilikuwa mpishi, na mimi nilifanyiwa." Mwanamke alikuwa tayari anafuta mikono, anafunga kilemba vizuri. "Wewe bandika sufuria yako. Usimwite mtu. Atakuja mwenyewe, na kila ajaye husikia harufu ya kwao."

Akaondoka kupitia kando ya karo. Hakuchukua jiko wala sufuria. Tonge Tatu alikimbia hadi kwa mkaanga samaki, akanyakua kipande bila salamu, akakitia mdomoni.

"Sasa leo vipi," mkaanga samaki akasema, "mkavu au si mkavu?"

Hakujua. Alimtazama tu, machozi yamemlenga, na mtani wake akaacha kucheka.

Kesho yake alirudi ghalani. Msimamizi, mzee mwenye funguo nyingi kiunoni, alimpeleka hadi nyuma ya karo. Sakafuni palikuwa na duara jeusi la masizi. Tonge Tatu akaligusa. Lilikuwa la moto.

"Hapa hatujawahi kumweka mpishi," mzee akasema, akirudi nyuma hatua moja. "Lakini wewe si wa kwanza kuniulizia."

"Wengine waliuliza nini?"

"Mama, mimi nafunga milango tu."

Daktari alimtazama ulimi kwa tochi, akasema ni mzima, hata wa mtoto hauwi mwekundu hivyo. Wiki ya kwanza aliandika kwa kukumbuka. Ya pili alisifia supu iliyokuwa imechacha, na watu waliomwamini wakaenda kuinywa. Mhariri wake akamwita, akafunga mlango.

"Watu wanasema umehongwa," mhariri akasema. "Mimi najua hujahongwa. Basi niambie una nini."

Tonge Tatu akaomba muda. Akapewa mpaka mwisho wa mwezi.

Lakini hilo silo lililomtoa usingizi. Usiku alikuwa akifumba macho amtafute mama palepale anapompata siku zote. Anatafuta... anatafuta... Hakuna. Mama alikuwa ameondoka, na huku kuondoka kwa pili hakukuwa na matanga.

Aliapa hatabandika sufuria nyumbani kwake. Alikula mkate na maji, akimeza kama anayemeza dawa. Alishikilia hivyo siku ishirini na tisa.

Siku ya thelathini dada yake alipiga simu kwamba anapita jioni kumjulia hali. Dada huyo mkubwa ndiye aliyerithi jiko la mama kule shuleni. Watoto mia tatu walikula kutoka mkononi mwake, na kila siku aliwaonjea kwanza.

Tonge Tatu hakumwita. Hilo alijirudia mara nyingi: sikumwita. Na dada hawezi kuja akakuta jiko limelala, itakuwa aibu. Akaosha maharage. Akakata kitunguu. Mikono ilifanya kazi peke yake, na kitunguu kilipoanza kuungua pembeni, hakukigeuza.

Mlango haukubishwa hata.

"Nimeisikia kutoka kwenye ngazi," dada akasema, bado anahema, mkoba begani. "Mdogo wangu, hiyo si ya mama?"

"Nimejaribu tu."

"Umekonda kama umefiwa. Sogea huko, nikuonjee." Akachota kwa upawa. Akadondoshea kiganjani, kama walivyofunzwa. Akalamba.

Akakitazama kiganja.

"Ni yenyewe," akanong'ona. "Ni yenyewe kabisa... ila kuna kitu kimepungua. Kitu gani hiki?" Akatazama huku na huku, akakiona kijiko cha mama juu ya kitambaa chake. "Kumbe unacho wewe. Miaka yote nakitafuta."

Akakichovya. Akakiweka mdomoni chote, akafumba macho, akakitoa kikiwa safi, kinang'aa kwa mate.

Chupa ya maji ilikuwa mezani. Imejaa. Tonge Tatu alikuwa ameijaza mwenyewe asubuhi. Alichohitaji ni kunyoosha mkono tu.

Kijiko kilisimama juu ya mvuke.

"Unakumbuka mama na vidole vyetu?" dada akasema, akicheka kidogo. "Leo hayupo wa kutupiga."

Maneno yalikuwa mdomoni, matatu tu. *Dada, suuza kwanza.* Tonge Tatu aliyashikilia pale, yakamjaa mashavuni kama tonge. Chozi likamtoka, likashuka pembeni mwa pua.

Akayameza.

Mchuzi haukutoa mlio wowote.

Chozi lilifika kwenye pembe ya mdomo wake. Akalilamba bila kufikiri, na mwili wote ukamsisimka. Lilikuwa na chumvi. Jamani, lilikuwa na chumvi...

Dada alikuwa bado anatafuna, polepole, polepole zaidi. Akafumbua macho.

"Mdogo wangu," akasema. "Mbona umesahau chumvi?"