Lebo ya Manjano

Kila jioni baada ya kuosha vyombo, meza ya jikoni iligeuka kontena. Kopo la chumvi lilikuwa pipa la maji ya betri, majani ya chai yakawa rangi ya mafuta, na sukari ikawa klorini ya unga. Chiriku, msichana wa darasa la sita aliyeitwa hivyo kwa kusema bila kituo, ndiye aliyekuwa mtahini wa mama yake.

"Klorini ikae na rangi?"

"Thubutu! Klorini huchochea moto. Ziwe mbalimbali."

"Na maji ya betri juu ya katoni?"

"Chini, mwanangu. Yakivuja yatakula kila kitu."

"Vizuri sana. Haya, piga mswaki ukalale," Chiriku alisema kwa sauti ya mama yake, wakacheka hadi chumvi ikamwagika.

Mama alikuwa mpakiaji bandarini kwa miaka saba. Siku zote alirudi kutoka zamuni Chiriku akiwa usingizini. Majuma haya matatu tu, alipopelekwa kwenye mafunzo ya kupakia shehena za hatari, ndipo walipoonana jioni. Akifaulu, angekuwa msimamizi wa zamu ya mchana. Mwaka uliopita alishindwa. Akishindwa tena, angerudi kwenye zamu ya usiku.

Kila mwanafunzi wa mafunzo hayo alipewa bahasha ya lebo za kubandika kwenye mapipa ya mtihani. Chiriku aliipenda sana ile ya manjano ya klorini, yenye mwali wa moto juu ya duara. Alhamisi aliichomoa kimyakimya, akaibandika kwenye daftari lake aringe nayo shuleni siku moja tu.

"Wee, umeitoa wapi?" wenzake walimzunguka.

Jioni alipoibandua, ilichanika katikati. Chiriku alivificha vipande ndani ya daftari, asimwambie mama yake.

Jumamosi, siku ya mtihani, alikwenda na mama yake. Ghala la mafunzo lilinuka rangi mbichi. Jamaa za watahiniwa walikaa kwenye benchi, nyuma ya mstari mweupe uliochorwa sakafuni. Mkufunzi, baharia mstaafu mwenye kovu la moto mkononi, alipuliza filimbi. Kila mtahiniwa alitakiwa kusoma karatasi za mapipa manne, kuyabandika lebo, kisha kuyapanga ndani ya kontena.

Mama alibandika la kwanza, la pili, la tatu. Akaitikisa bahasha. Akaichungulia. Chiriku aliukumbatia mkoba wake.

"Umekwama, dada?" alinong'ona mtahiniwa wa jirani, waliyemwita Chapuchapu. "Chukua hii nyekundu yangu ya ziada, ya rangi ya mafuta. Moto ni moto!"

"Moto si moto, kaka," mama alijibu. Akalivuta pipa la klorini kando, akaandika kwa chaki juu yake: LISIPAKIWE.

Dakika tano zilibaki. Kontena la mama lilikuwa na mapipa matatu, ya wengine manne. Chiriku aliona zamu ya usiku ikimjia mama yake kwa miguu miwili. Akachomoa daftari mkobani, akasimama, akafika kwenye mstari mweupe na kunyoosha mkono.

"Mwalimu! Lebo ya mama niliichukua mimi. Hii hapa. Nimeichana. Yeye hana kosa."

Mkufunzi akamwendea.

"Mbona hukuvuka mstari?" mkufunzi aliuliza.

"Mama alisema mstari hauvukwi bila ruhusa. Hata ukiwa unalia."

Watu wakacheka. Mkufunzi alichukua vile vipande, akampelekea mama. "Utavibandika?"

Mama alimtazama mwanawe, kisha pipa. "Hapana, mwalimu. Lebo iliyochanika haisomeki. Pipa halipandi meli mpaka nipate nzima."

Filimbi ikalia. Mkufunzi alikwenda moja kwa moja kwenye kontena la Chapuchapu, aliyekuwa na haraka kama kawaida, akalikuta pipa lake la klorini lina lebo nyekundu.

"Moto wa rangi waweza kuuziba ukakosa hewa, ukafa," alisema. "Klorini huupa moto hewa yake yenyewe. Baharia atakayeiamini lebo hii ataziba, ataziba, na meli itaendelea kuungua." Akainua mkono wake wenye kovu. "Mimi niliamini lebo ya uongo."

Chapuchapu aliinamisha kichwa. Mkufunzi akamgeukia mama.

"Kupanga mapipa kila mtu atajifunza. Nilikuwa namtafuta mtu atakayethubutu kuliacha pipa nje. Umefaulu, tena wa kwanza!"

Vigelegele vilipasua ghala! Chapuchapu mwenyewe alimvika mama koti jipya la usimamizi. "Nifundishe, dada," alisema, "ila polepole." Chiriku alipiga makofi hadi viganja vikawaka.

Jumatatu jua lilikuwa bado juu mama alipofungua mlango. Chiriku alimrukia, kisha akaanza kusugua gundi iliyobaki kwenye daftari.

"Iache hapo," mama alisema, akimketisha karibu. "Pipa halina mdomo, mwanangu. Lebo ndiyo inayolisemea, kwa watu walio mbali baharini ambao hatutawaona kamwe. Na kosa nalo ni hivyohivyo: likifichwa huunguza, likisemwa mapema huzimika. Juzi ulilisema. Sasa lete makopo, leo mimi ndiye mtahini."