Siri ya Nasike Katika Sura ya Tisa

— Munyao, hii sura ya tisa uliitoa wapi?

Munyao alikuwa anamenya yai la kuchemsha. Walikuwa wameketi kwenye kibanda cha chai pale Laini Saba, Kibera, hatua chache kutoka reli. Alitabasamu bila kuinua macho.

— Kwani hujaipenda? Si ni wewe ulikuwa unaniambia kila siku, Tabitha akosee, Tabitha akosee? Sasa amekosea.

— Sijakuuliza kama nimeipenda. Nimekuuliza umeitoa wapi.

Munyao aliliweka yai kwenye sahani. Tabasamu likamtoka polepole.

— Nasike, ni hadithi tu.

— Ni yangu.

Huyo Tabitha hakuwa mtu wa kweli. Munyao, mwalimu wa dini katika shule moja ndogo ya Kibera, alikuwa amemtunga: msichana wa kidato cha pili, binti wa pasta, anayefanya kazi ya ujasusi kwa siri. Anafuata majambazi, anafumbua ujumbe wa mafumbo, anapiga magoti kuomba kabla ya kuingia kwenye hatari. Vitabu vitatu vilikuwa vimetoka, na vijana wa makanisani walivipokezana mpaka majalada yakachanika. Cha nne ndicho hiki kilichokuwa mapajani mwa Nasike.

Nasike naye aliuza nguo za mitumba Kawangware, na jioni alikuwa na ukurasa wake mtandaoni ambako alihakiki vitabu vya vijana. Wazazi walimwamini. Akisema kitabu ni safi, walinunua. Kitabu cha kwanza cha Tabitha alikihakiki hivi: "Mzazi, mpe mtoto wako bila wasiwasi. Hakuna matusi, hakuna mambo ya kitandani. Shida yangu ni moja. Huyu msichana hakosei. Sasa mtu asiyekosea anamwomba Mungu nini?"

Kesho yake alipokea ujumbe. "Mimi ndiye mwandishi. Umenikasirisha na umesema kweli. Naweza kukununulia chai?"

Chai ile ndiyo iliyozaa mapenzi yao. Sasa Munyao alikuwa ameshapeleka wazee wake kwa kaka ya Nasike, Wanzala, aliyesimama mahali pa baba yao marehemu. Siku ya harusi ilikuwa imetangazwa kanisani.

— Siku ile uliponiomba unioe, Nasike alisema, nilikuambia kuna jambo lazima ulijue kwanza. Unakumbuka?

— Nakumbuka.

— Nililia. Ukanishika mkono ukaniombea. Halafu ukaenda kwako ukaandika?

— Si siku hiyo hiyo.

— Munyao!

— Nimebadilisha majina. Nimebadilisha mtaa. Nani atajua?

— Kisiagi cha unga hukubadilisha. Magunia ya mahindi hukubadilisha. Hata kiatu kimoja umekiacha vile vile!

Mwenye kibanda aliwatazama, kisha akageukia sufuria yake. Munyao akashusha sauti.

— Mpenzi, sikiliza. Vitabu vimeshachapishwa. Makanisa na shule zinangoja neno lako. Ukinyamaza watu watajiuliza, mbona Nasike hajasema kitu juu ya kitabu cha mchumba wake? Hapo ndipo wataanza kuchimba. Sema tu ni kizuri. Kwani si kizuri?

Hilo ndilo lililomuumiza Nasike zaidi. Kilikuwa kizuri.

Jioni ile Nasike aliingia mtandaoni moja kwa moja. Rafiki yake Lenah, jirani yake wa sokoni, alimshikia simu.

— Wapenzi wasomaji, hiki ni cha nne na kinashinda vyote, Nasike alisema akitabasamu. Tabitha anafanya jambo gumu kwa ndugu yake mwenyewe, na Mungu anawarudisha pamoja. Sura ya tisa itawatoa machozi. Wazazi, nunueni.

Lenah alizima simu akamkodolea macho.

— Aki Nasike, mbona tabasamu limeisha ghafla?

— Nimechoka.

Hakuwa amechoka.

* * *

Ujumbe wa Wanzala ulifika wiki hiyo: "Siz, nimeona rivyu yako. Nimenunua kitabu cha shemeji. Whitney ananisomea kila jioni nikishona. Huyu Tabitha ni moto!"

Wanzala alikuwa fundi wa makochi, akiishi na mkewe Whitney kwenye magorofa ya Soweto East, hapo hapo Kibera. Alichechemea mguu wa kushoto. Nasike aliusoma ujumbe ule amesimama katikati ya rundo la nguo za watoto, mteja akimuuliza bei, asimsikie. Angempigia pale pale. Angemwambia, kaka, usisome, nisikilize kwanza mimi. Alilitafuta jina lake, akalitazama, akairudisha simu mfukoni.

Siku chache baadaye Wanzala akapiga mwenyewe.

— Uko wapi?

— Sokoni. Niaje, bro?

— Kuja kwangu. Saa hii.

Alimkuta Wanzala ameketi kwenye kochi lisilo na kitambaa, kitabu kimefunguliwa gotini. Whitney alikuwa dirishani, macho mekundu.

— Tulikuwa tunacheka, Wanzala alianza. Whitney anasoma, mimi nagonga misumari. Tukafika mahali ndugu ya Tabitha anajificha kwenye kisiagi, nyuma ya magunia. Nikasema, rudia hapo. Akarudia. Kijana ana kiatu kimoja. Kingine kilimtoka akikimbia. Nasike, nani alijua nilikuwa na kiatu kimoja?

Nasike alikitazama kitabu gotini mwa kaka yake.

— Mimi nilijua. Rafiki yangu Kagiri alijua, kwa sababu ndiye aliyenificha pale. Na wewe, uliyeniletea chapati. Sasa shemeji alijuaje?

— Nilimwambia mimi.

— Humu Tabitha ndiye anayewaita polisi. Wangu waliitwa na nani?

Nje watoto walikuwa wakicheza mpira kwenye ngazi. Nasike alikaa chini sakafuni, akajifunika uso.

— Ni mimi, Wanzala.

— Sema tena.

— Ni mimi. Lile duka lilipovunjwa watu walikuwa wanakutafuta na mawe. Niliwasikia wakisema wakikupata hawatangoja polisi. Nikaona afadhali polisi wafike kwanza. Nilidhani watakufunga siku kidogo, utoke. Sikujua watakuvunja mguu.

Wanzala alikifunga kitabu. Alipozungumza, sauti yake ilikuwa ya chini.

— Labda uliniokoa. Sijui. Wewe ulikuwa mtoto wa shule, na mimi kweli niliingia duka la watu. Huo mguu nakusamehe. Lakini Kagiri?

— Niliogopa.

— Miaka yote hiyo? Nilimwita Kagiri msaliti mbele ya mama yake. Nilimtemea mate, Nasike! Mtaa mzima ukamwita karao, mtu wa polisi, akakosa hata wa kusimama naye barabarani. Alipougua alituma mtu aniite. Nikasema sina rafiki wa jina hilo. Akafa. Wewe ulikuwa umekaa pale, kwenye hicho kiti, unakunywa chai, ukinisikia nikikataa kwenda mazishi.

— Nilitaka kusema...

— Ulitaka! Humu kitabuni ndugu anamkumbatia Tabitha anamwambia asante. Huyo rafiki aliyemficha hayumo kabisa. Halafu wewe unaingia mtandaoni unatuambia Mungu aliwarudisha pamoja. Nilinunua hiki kitabu kwa sababu ya mdomo wako.

Whitney alimgusa mumewe bega.

— Baba, taratibu.

— Niko taratibu. Siz, mambo ya harusi yako sitaki kuyasikia sasa. Inuka. Tunaenda kwa Mama Kagiri.

* * *

Mama Kagiri bado aliuza sukuma wiki kando ya reli. Alipomwona Wanzala anakuja akichechemea, alishika kisu chake cha kukatia mboga akaendelea kukata.

— Umepotea njia? aliuliza.

— Hapana, mama. Nimekuja kuomba msamaha. Na huyu ana neno.

Nasike alisema yote. Hakulia, kwa kuwa aliona akilia mama huyo atalazimika kumbembeleza, na hakuwa na haki ya kubembelezwa. Mama Kagiri hakumkatiza hata mara moja. Mwishowe akakiweka kisu chini.

— Nilijua si yeye. Aliniapia, nikamwamini. Lakini kuamini kwangu peke yangu kulimsaidia nini? Kijana wangu alikuwa akipita hapa, wenzake wanaziba midomo. Akaanza kupitia njia ya nyuma. Mtu hajaiba, hajaua, anapita njia ya nyuma.

— Mama, nisamehe.

— Siwezi kukudanganya kwamba nimekusamehe leo. Mimi umeniambia hapa kwenye mboga. Lile jina baya alipewa mbele ya watu. Nenda ulitoe mbele ya watu.

Wanzala alijaribu kusema kitu kuhusu siku ya mazishi. Alishindwa. Mama Kagiri akamsogezea kigoda.

— Keti, mguu utakuuma, akamwambia.

Hapo ndipo Wanzala alipolia, mtu mzima, watu wakipita.

* * *

Munyao alimkuta Nasike akifunga meza yake ya nguo.

— Nimeongea na Wanzala. Hataki hata salamu yangu. Nasike, nitaiondoa hiyo sura. Nitaandika upya kitabu kizima.

— Kesho naingia mtandaoni. Nitasema kila kitu.

Munyao alishika ukingo wa meza.

— Kila kitu?

— Nitamtaja Kagiri kwa jina lake. Nitasema hiyo sura ni maisha yangu, na mwisho wake si wa kweli.

— Watanirudishia vitabu vyote. Shuleni wataniuliza mimi ni mwalimu wa dini wa aina gani.

— Najua. Na mimi wataniuliza ni mhakiki wa aina gani.

Nasike alitarajia Munyao amkatalie, wagombane, apate sababu ya kumchukia. Munyao aliinamisha kichwa.

— Basi sema. Ni haki yao.

— Kwa nini hukuniuliza kwanza?

— Ungekataa.

— Ndiyo, ningekataa. Kwa hivyo ulijua.

— Nilijua. Nasike, maisha yangu yote nimeishi nikiogopa kukosea. Ulipotaka Tabitha akosee, nilitafuta ndani yangu nikakuta patupu. Siri yako ilikuwa na uzito. Nilipoandika nilikuwa nalia, naapa. Nikakupa mwisho mzuri kwa sababu ndio niliotamani uupate.

— Sasa unalo kosa lako mwenyewe, Munyao.

Alijaribu kumshika mkono. Nasike alimwachia kidogo, kisha akautoa.

— Bado nakupenda, alisema. Sitakudanganya. Lakini mume ni mtu ninayemwambia jambo usiku nikalala. Wewe nikikuambia kitu nitakesha nikijiuliza kitatokea wapi.

— Nipe muda nikuonyeshe.

— Hata mimi nilijipa muda. Ukaisha Kagiri akiwa kaburini.

Kesho yake Lenah alimshikia simu tena. Nasike hakupaka hata mafuta ya mdomo.

— Niliwaambia kitabu hiki ni safi. Matusi hayamo, ni kweli. Lakini nilijua kimemwacha nje mtu mmoja, nikawaambia mnunue. Huyo mtu anaitwa Kagiri. Alimficha kaka yangu, hakumuuza. Aliyemuuza ni mimi.

Maoni yalimiminika. Wengine walimtukana, wengine walimwombea, wengine walijiondoa kwenye ukurasa. Maduka yalirudisha vitabu. Munyao aliitwa na mwalimu mkuu, na akaandika mistari michache hadharani: "Alichosema Nasike ni kweli. Niliichukua siri yake bila ruhusa. Naomba radhi kwake, na kwa mama wa marehemu." Hakuongeza neno la kujitetea. Nasike aliisoma, akatamani Munyao angekuwa mtu huyo mapema kidogo, kabla ya kalamu.

Jumamosi iliyokuwa ya harusi ilifika. Nasike alikusudia kwenda sokoni kama kawaida, asiwaze. Asubuhi Whitney alimpigia.

— Wanzala anasema uje ule.

— Amesema yeye mwenyewe?

— Amesema, "mwambie huyo aje ale." Kuja tu.

Wanzala hakumkumbatia mlangoni. Alisogea kwenye kochi, akamwachia nafasi. Whitney alipakua ugali na kuku. Simu ya Nasike ikaita kidogo mezani: "Leo ningekuwa nakungoja mbele ya kanisa. Sikuombi kitu. Nilitaka tu ujue niko hapa, nimevaa ile suti, nimekaa kitandani."

Nasike aliusoma mara mbili. Machozi yakaangukia sahani.

— Ni yeye? Wanzala aliuliza.

— Ni yeye.

— Bado unampenda?

— Bado.

Wanzala alimega kipande cha kuku, akakiweka kwenye sahani ya dada yake.

— Kula kwanza, alisema.

Nasike aliigeuza simu kifudifudi bila kujibu, akakata tonge.