Mgeni Kutoka Ziwani

Mwenye nyumba habishi hodi kwake. Akiwa na ufunguo atafungua, akiusahau atagonga na kumwita mkewe kwa jina. Hodi ni ya mgeni. Mwanakhamis aliyajua haya tangu hajaota meno, na bado alfajiri ile, katika chumba chao cha ghorofa ya tano huko Sanyuanli, mjini Guangzhou, Uchina, alipoisikia sauti ya mumewe nje ya mlango ikisema "Hodi," alitabasamu gizani kwa furaha ya mtu aliyeshinda kesi.

Alikuwa na sababu yake. Jioni iliyotangulia waligombana mpaka jirani Mchina akagonga ukuta. Sufian alikuwa akifanya biashara ya zana za uvuvi, mishipi, rili na vyambo vya plastiki vilivyochorwa macho na magamba, akinunua kwa laoban mmoja mwenye kiwanda na kuzisafirisha Unguja na Dar. Bosi huyo alikuwa na mashua mbili katika ziwa kubwa kaskazini ya mji, na yeye ndiye aliyemwonjesha Sufian kitu kilichomtia wazimu, nacho ni kurambaza usiku. Kila vuli, joto la Guangzhou linapoanza kulegea, samaki wakubwa wenye macho meupe hupanda kutoka vilindini kuja kula karibu na ukingo. Mvuvi huzima taa zote, akaiacha mashua itembee polepole, na mshipi ukakokotwa nyuma gizani. Basi vuli ile, mwaka mmoja baada ya Hong Kong kurudi kwa wenyewe, Sufian hakulala kwake. Mwanzo alisema anajaribu bidhaa. Baadaye hakujisumbua hata kusema uongo.

"Nenda," Mwanakhamis alimwambia jioni ile, akimsukumia fimbo zake za kuvulia. "Lakini ukirudi ubishe hodi kama wageni wenzio. Nyumba hii inaye anayeikaa, na huyo si wewe."

Sufian alizichukua fimbo akatoka.

Ndiyo maana Mwanakhamis, badala ya kushtuka, alijisemea moyoni kuwa leo bwana kashika adabu. Akajifunga kanga, akaenda mlangoni, akakiachia kitasa kwa madaha.

"Karibu," akasema. "Karibu ndani, mgeni wetu."

Aliingia. Nguo zake zilikuwa kavu, lakini alileta harufu ya tope la chini kabisa, tope ambalo halijawahi kuona jua. Hakuwa na samaki wala fimbo. Alivua viatu, akakaa kwenye kiti kilicho karibu na mlango, kile wanachokalishwa wageni, akaweka mikono juu ya magoti.

"Ahsante, mwenye nyumba," akasema.

Mwanakhamis alicheka. Alidhani anafanyiwa mzaha, na mzaha wenyewe ulimpendeza.

Tena ile siku ilikuwa tamu, na huo ndio uchungu wa hadithi hii. Sufian alifagia. Alimenya vitunguu. Mwanakhamis alimweleza habari za mama yake anayeugua Unguja, na jinsi anavyoshinda peke yake huku juu akisikiliza ndege zinavyopita kushuka uwanjani, hana wa kuzungumza naye mpaka ulimi unamwota ukungu, na mumewe alimsikiliza tangu mwanzo hadi mwisho bila kupiga mwayo. Ni lini mara ya mwisho alisikilizwa hivyo? Hakukumbuka. Kwa hiyo aliona na akajifanya hakuona. Aliona kuwa maji ya kunywa yanakwisha, birika baada ya birika. Aliona kuwa adhuhuri alipotandika mswala mumewe alisema "Tangulia," na alasiri akasema vilevile. Aliona kuwa hapepesi macho. Na alipojinyoosha kitandani mchana, akiwa kati ya usingizi na macho, alisikia tik, tik, tik, mlio wa rili inapoachia mshipi taratibu, akafumbua macho kutafuta iko wapi, akagundua kuwa mlio ule unatoka kooni mwa mtu aliyelala ubavuni pake.

Magharibi ilipoingia mlango uligongwa. Alikuwa Gitau, Mkenya wa Nairobi, rafiki wa mumewe na mwenzake wa uvuvi. Suruali yake ilikuwa na tope hadi kiunoni. Taa ya ngazini ilikuwa imeungua, naye alishika tochi.

"Shemeji," alisema. "Sijui nikwambie aje. Sufian amepotea."

"Amepotea wapi?"

"Kwa maji. Jana usiku. Tulikuwa kila mtu na mashua yake, tunavuta laini. Akaniita, 'Gitau, huyu niliyemnasa ni baba lao!' Alikuwa anacheka. Halafu mashua yake ikaanza kuvutwa, shemeji, ikavutwa kwa ukungu, na nikaacha kumsikia. Asubuhi tumepata mashua imepinduka. Tumemtafuta mchana wote na watu wa kijiji, hatujampata."

Mwanakhamis aliushikilia mlango. "Gitau, usinitanie. Sufian yumo humu ndani tangu alfajiri."

"Nani ako ndani?"

Nyuma yake kiti cha mlangoni kililia, mtu akasimama. Gitau aliinua tochi juu ya bega la Mwanakhamis, na mwanga ulipompiga yule mtu usoni macho yake yalirudisha nuru, meupe, makubwa, yasiyo na mboni, kama macho ya wale samaki wanapopandishwa mashuani na kumulikwa.

"Gitau," akasema yule mtu kwa sauti ya Sufian. "Karibu. Mimi pia nimekaribishwa."

Walishuka ngazi zile zote hawajui wanakanyaga wapi.

Chini ya jengo alikuwako Bimdogo, mtu mzima wa Ng'ambo, Unguja, aliyekuwa akipikia wafanyabiashara pilau na maharage ya nazi. Alikuwa na kipawa kingine alichokirithi kwa bibi yake, na hakukitangaza, maana alisema Guangzhou watu wana shida za kontena zinawatosha. Aliwasikiliza huku akikoroga sufuria, na walipofika kwenye macho akauzima moto.

"Alipoingia alitoa salamu?" aliuliza.

"Hapana, bibi. Alisema hodi."

"Nawe ukasemaje?"

Mwanakhamis alianza kulia. "Nikasema karibu."

"Lo, mwanangu! Ungemnyamazia angebisha mara tatu akenda zake. Jini wa maji hana mlango mpaka apewe. Sasa umemkaribisha kwa kinywa chako, na mtu akikaribishwa hafukuzwi. Nikimsomea leo, atacheka. Nikimfukizia, atasema ahsante kwa udi."

"Na mume wangu?"

"Yu hai. Hawa hawakalii kiti cha mtu bila kumweka mwenyewe pahala. Lakini usikawie. Wahenga wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu ukimpa jembe atachimbia kaburi la mumeo." Alimshika mkono. "Kwetu mgeni hafukuzwi, husindikizwa. Mwambie kwa adabu, umfikishe palepale aliponaswa, kwa njia ileile aliyojia. Atakapoondoka yeye, mumeo ataachiwa papo hapo. Ila nakuusia jambo moja. Mkiwa majini, sauti yoyote itakayokuita, ya mama yako, ya mumeo, ya nani, usiijibu wala usiipe mkono mpaka ikutolee salamu. Jini hawezi kuitamka salamu ya Mungu. Ukiijibu kabla, utarudi naye tena, na safari hiyo hatoki."

Mwanakhamis alipanda tena peke yake. Chumba kilinuka tope hadi machozi yakamtoka. Yule mtu alikuwa amerudi kwenye kiti chake, mikono magotini.

"Mgeni wangu," Mwanakhamis alisema, "usiku umeingia. Nikusindikize."

"Nimekaa vizuri hapa. Mwenyewe alikuwa hakai."

"Najua."

"Unataka nimrudishe?"

"Ndiyo."

"Hata kama hatakusikiliza? Hata kama kesho atachukua fimbo zake akuache na ndege zako?"

Mimi ninayesimulia sitamsingizia Mwanakhamis kuwa alijibu upesi. "Hata hivyo," akasema mwisho. "Ndiye wangu."

Yule mtu alivaa viatu. "Basi nisindikize," alisema. "Umenikirimu."

Walikodi gari dogo. Dereva Mchina alifungua madirisha yote kwa ajili ya harufu na hakuuliza kitu. Njia nzima Mwanakhamis alikaa bega kwa bega na mgeni wake, huku Gitau mbele akisoma Baba Yetu kwa Kikikuyu chini ya pumzi.

Walipofika ziwani ukungu ulikuwa umelala juu ya maji. Waliichukua mashua iliyobaki, ile ya kijani, ambayo laoban alikuwa ameipaka rangi siku chache nyuma na bado ilinata mikononi. Gitau alishika usukani. Waliuachia mshipi nyuma, wakazima tochi, wakaanza kwenda polepole kama wanaorambaza, maana hiyo ndiyo njia aliyojia, na yule mtu alikaa tezi, nyuma kabisa ya mashua, akiushika ule mshipi kwa vidole viwili, na ule mlio wa tik, tik, tik ukaanza tena kooni mwake, taratibu, kisha haraka, kisha haraka zaidi, hata haikujulikana tena kama ni rili inayolia au yeye, na mshipi ukawa unakwisha, na kadiri ulivyokwisha ndivyo naye alivyopungua, akawa mwembamba, akawa mrefu, akateleza juu ya ukingo wa mashua bila kurusha tone la maji. Mlio ukakatika. Harufu ya tope ikaondoka mara moja, kukabaki harufu ya rangi mbichi na baridi ya usiku.

"Ameenda," Gitau alinong'ona. Alizima mashine ili wasikilize.

Walikaa hivyo, macho yametumbuliwa kwenye ukungu, hadi mbingu ikaanza kuchujuka weusi. Kisha kitu kiligusa ubavu wa mashua.

"Mwanakhamis."

Ilikuwa sauti ya Sufian, imekauka, inatetemeka.

"Mwanakhamis. Nipe mkono."

"Ni yeye!" Gitau alisema. "Shemeji, ni Sufian, mimi najua sauti yake!"

"Usimjibu!" Mwanakhamis alimziba mdomo. "Hajatoa salamu."

"Mwanamke we," ilisema ile sauti, "unanifanyia hivi kwa ajili ya ule ugomvi? Nipe mkono."

Hapo moyo wa Mwanakhamis uligawanyika vipande viwili. Kipande kimoja kilimjua mumewe. Sufian akinuna hasalimii. Tangu amwoe, kila walipogombana alingoja mke aanze, na angengoja hata ndani ya moto. Kipande cha pili kilikumbuka mtu kalala ubavuni pake mchana kutwa na rili ikilia kooni mwake, na kilikumbuka kuwa sauti ile nayo alikuwa ameijua, akaifungulia mlango akitabasamu. Gitau alishika tochi amulike. Mwanakhamis akaona kama macho yale meupe yanamngoja nyuma ya mwanga, akamkamata mkono, wakavutana, tochi ikatumbukia majini na kuzama ikiwa haijawashwa.

"Salimu," Mwanakhamis alisema moyoni, kwa nguvu zake zote, maana kwa mdomo alikatazwa. "Salimu, Sufian. Salimu tu."

Nje ya ubavu wa mashua kitu kilikwaruza mbao, kikapanda kidogo, kikateleza, kikakwaruza tena chini zaidi. Pumzi zilisikika, nzito, za kukatikakatika. Jina lake likaitwa mara nyingine, na safari hii halikuwa na hasira ndani yake.

"Washa mashine," Mwanakhamis alisema.

"Shemeji..."

"Washa, Gitau! Washa!"

Gitau aliwasha.

Kulipopambazuka wanakijiji walimkuta Sufian akielea si mbali na pale. Alipelekwa mjini kwenye chumba cha kuoshea cha msikiti, na aliyejitolea kumwosha alikuwa Abass, mfanyabiashara wa Dar mwenye uzoefu wa maiti. Mwanakhamis alikaa kwenye benchi nje, Bimdogo kamkumbatia upande mmoja, Gitau kasimama ukutani.

"Umeufunga mlango, mwanangu," Bimdogo alimwambia taratibu. "Yule hatarudi tena. Mumeo Mungu alikwisha kumpenda, huenda tangu usiku ule wa kwanza. Labda mimi nilikosea."

Mwanakhamis aliyashika maneno hayo kwa mikono miwili. Alitaka sana yawe kweli.

Abass alitoka akijipangusa mikono.

"Bi mkubwa," akamwambia Bimdogo, "mlisema huyu yumo majini tangu juzi usiku? Haiwezekani. Viungo ndiyo kwanza vinaanza kukaza. Amekufa alfajiri ya leo." Akawageukia wengine, akasita kidogo. "Na kuna kitu nimeshindwa nacho, niwaulize ninyi. Kucha zake zote kumi zimejaa rangi, rangi ya kijani, mbichi, nimesugua haitoki. Alikuwa ameshika nini?"

Gitau alitazama mikono yake mwenyewe, yenye kijani kilekile cha mashua. Mwanakhamis aliuliza kama anaweza kupewa maji ya kunywa.