Nusu Ndoo ya Maji

Kila Jumamosi asubuhi Sindano alikwenda kuchota maji. Walimwita Sindano kwa wembamba wake, ingawa wapo waliosema ni kwa sababu ya ulimi wake. Alikuwa akilelewa na shangazi yake, mtengeneza sabuni, aliyefanyia kazi uani kati ya mapipa ya mafuta na vibao vya kukatia miche ya sabuni. Kabla ya kuyeyusha kostiki, ile dawa kali inayogandisha mafuta yawe sabuni, shangazi alitaka ndoo mbili za maji safi ziwe karibu, zisiguswe.

"Za nini, shangazi? Mbona hujawahi kuungua?"

"Ni za siku nitakayoungua. Nenda."

Jumamosi hiyo bomba la mtaa lilitoa mchirizi mwembamba kama uzi. Sindano alipanga foleni mpaka miguu ikafa ganzi, akarudi na nusu ndoo.

"Hii tu?"

"Maji yanakatika, shangazi. Watu wanagombana kule."

Shangazi alisonya. Mteja angekuja jioni kuchukua sabuni yake. Miwani ya kazi ilikuwa imeingia ukungu, akaisukuma juu ya paji la uso. "Haya, tufanye chapuchapu."

Alipomimina kostiki kwenye maji ya kuchanganyia yaliyokuwa tayari kwenye beseni, mchanganyiko ulitokota na kuruka. Shangazi alipiga yowe, akajishika uso, akaanguka kwa magoti.

Jirani yao, mshonaji, aliingia mbio na ndimu mkononi. "Mkamulie hii! Ndimu inakata ukali!"

"Hapana, mama!" Sindano alisimama katikati. "Mwalimu wa sayansi alituambia ni maji matupu, mengi, bila kuacha!"

"Wewe mtoto, unanifundisha mimi?"

Sindano alimlaza shangazi, akampanua kope kwa vidole na kumimina polepole maji ya ile nusu ndoo, jicho hili, kisha lile.

"Siwezi, mwanangu, yanawaka!"

"Vumilia, shangazi. Usifumbe."

Nusu ndoo ikaisha. Shangazi bado alikuwa akilia kwa sauti ambayo Sindano hakuwahi kuisikia kwa mtu mzima. Alinyakua ndoo tupu, akakimbilia bombani.

"Shangazi yangu anaungua macho! Nipeni maji!"

"Panga foleni kama wenzako," mtu mmoja alisema bila kugeuka.

Sindano alikaa chini kwenye tope, akalia, maana aliona yote yamekwisha. Ndipo mchukuzi mmoja aliyekuwa mbele akainua dumu lake, akauliza, "Nyumba ipi?" Sindano akamwonyesha kwa kidole, naye akatimua mbio. Wanawake wawili wakamfuata na ndoo zao kichwani.

Walimkuta mshonaji amekwisha tupa ndimu, amemshika shangazi kichwa. Walimmiminia maji kwa zamu mpaka mwoka mikate wa mtaani alipoleta gari lake, na hata njiani Sindano aliendelea kumimina kwa chupa.

Hospitalini daktari hakuwaficha. Jicho la kulia lingepona. La kushoto lilikuwa limeshapofuka.

"Ningepata maji zaidi..." Sindano alisema, akashindwa kumaliza.

"Bila maji yale angepoteza yote mawili," daktari alisema. Lakini maneno hayo hayakumpunguzia kitu. Usiku na mchana aliisikia sauti ile ya uani.

Shangazi aliporudi nyumbani, Sindano alijikunja kando ya kitanda chake.

"Acha kujilaumu," shangazi alisema. "Wewe ulifanya ulivyofundishwa. Mimi ndiye niliyeona maji hayatoshi, nikaanza kazi. Mtu hujiandaa kwa ajali kabla haijaja. Ikishafika, huna muda wa kutafuta kitu. Siku maji yakikosekana, hakuna sabuni, na mteja akinuna, anune. Umenisikia?"

Sindano alitikisa kichwa kukubali, lakini alikuwa amekaa upande wa kushoto na shangazi hakumwona. Aliinuka, akazunguka kitanda, akaketi upande wa kulia.

"Nimesikia, shangazi."