Kichomeo Kisichokunywa Dizeli

Asubuhi hiyo Draku aliifunga vali ya dizeli mpaka mwisho, na moto wa boila haukuzimika. Geji ya mafuta ilikuwa kwenye sifuri. Pua ya kichomeo, ile inayorusha mafuta motoni, iliendelea kupumua taratibu kama mtu aliyelala, ikitoa harufu ya udi. Siraji, fundi mwenzake, alicheka akasema ni mafuta yaliyobaki kwenye bomba.

Hapo kwenye kiwanda cha sabuni, barabara ya Vurra, meneja alikuwa ameahidi cheo cha fundi mkuu kwa atakayepunguza dizeli. Siraji, aliyedai kwamba yeye ndiye aliyekirekebisha kichomeo, ndiye aliyekipata, na Draku, rafikiye tangu utotoni, alimpigia makofi kuliko wote. Maskini, hakujiuliza kwa nini kila alipoibana vali magoti yalimlegea, wala kwa nini suruali ilianza kumpwaya.

Siku alipoanguka mbele ya boila, wenzake walimwita Shehe Kabiru kutoka Koboko. Shehe alisoma, akatega sikio kwenye kichomeo, kisha akamwambia kwamba ndani mna jini, nalo halinywi dizeli, linamnywa yeye. Jini la namna hiyo hukabidhiwa mtu kwa jina lake na la mama yake.

“Mama yako iliitwa nani?”

“Ocokoru.”

“Nani anajua hii jina?”

Mtaa mzima ulimwita marehemu mama yake Mama Draku tu. Jina lake liliandikwa mara moja tu, kwenye msalaba wa kaburi lake kule Kuluva, na aliyeshika brashi alikuwa Siraji. Kikulacho ki nguoni mwako.

Draku alimnyooshea kidole Siraji, aliyekuwa amesimama mlangoni.

“Taja yeye na mama yake,” shehe alinong’ona. “Itarudi kwa mwenyewe.”

Draku alilijua jina hilo, Madina, mama yake Siraji, aliyempikia miaka ya njaa. Alimkodolea macho rafikiye akingoja japo neno moja la kuomba radhi, huku moto ukinguruma na mabomba yakitetemeka na udi ukijaa chumbani na shehe akimhimiza aseme, aseme upesi, na ulimi wake ukawa mzito kwa sababu, Mungu amsamehe, alikuwa bado anampenda.

Siraji akaingia, akakiinamia kichomeo.

“Draku, mtoto ya Ocokoru,” alisema polepole.

Moto ukapanda. Draku akahisi baridi ikimwanzia miguuni.