Lenzi ya Mzee Tiki

Fundi saa mmoja alikuwa mtu wa vitu vidogo. Mtaa mzima ulimwita Mzee Tiki. Chumba chake cha kazi kilikuwa upande wa mbele wa nyumba. Humo mlikuwa na meza moja, taa ya kuinamia, na vikopo vya skrubu ambazo ukipiga chafya umezipoteza.

Alifanya kazi pamoja na binti yake mkubwa. Walikuwa na lenzi moja tu, ile nyeusi ya kubana kwenye jicho. Ilikuwa mali ya fundi aliyemfundisha Mzee Tiki kazi, na hakutaka kusikia habari ya nyingine. Akiona tatizo ndani ya saa, aliitoa lenzi jichoni na kumpa binti, bado ina joto.

"Hebu tazama hapo," alisema. Binti aliibana jichoni mwake, akatazama. Hivyo ndivyo alivyojifunza ufundi.

Asubuhi moja jicho la kulia la Mzee Tiki liligoma kufunguka. Kope zilikuwa zimegandana kwa tongotongo. Alipolisafisha, lilikuwa jekundu, linatoa machozi, linakereketa kama limeingiwa na mchanga. Jicho lake la kushoto lilikuwa na ukungu tangu utotoni. Hili la kulia ndilo lililolisha nyumba.

Aliogopa sana. Hakusema, lakini mkewe alijua, maana asubuhi ile hakulalamika kwamba chai imepoa.

Mkewe hakukaa bure. Alimtengea mumewe taulo yake na mto wake. Shuka alizifua kwa maji ya moto. Pamoja na hayo yote, siku chache baadaye jicho la binti nalo likawa jekundu.

"Sasa huu ugonjwa unapitia wapi?" mama aliuliza. "Taulo nimetenga. Mito nimetenga."

Mzee Tiki aliinuka, akachukua kabatini chupa ya dawa ya vidonda, ile ya rangi ya kahawia.

"Nimesikia hospitali wanatia dawa ya kahawia machoni," alisema. "Ya nini kupanga foleni, na sisi tunayo hapa?"

Alikuwa ameshainua uso kuelekea dari. Binti akamshika mkono.

"Baba, saa ya mteja unaweza kuitia mafuta ya baiskeli?"

"Nina wazimu mimi?"

"Basi na jicho tulipeleke kwa fundi wake."

Mzee Tiki akafunga chupa. Hapo alikuwa amepatikana.

Walikwenda hospitali pamoja. Daktari wa macho alikuwa mama wa makamo, mpole, asiye na haraka. Alinawa mikono kwa sabuni kabla ya kumgusa mgonjwa. Mzee Tiki alipenda hilo. Kisha akaambiwa aweke kidevu kwenye chombo chenye taa nyembamba. Daktari akatazama kwa muda mrefu, akapiga picha, akamgeuzia skrini.

Mzee Tiki akaisogelea skrini. Jicho lake lilijaa skrini nzima. Nyuzi za kahawia zilizunguka mboni, kila uzi mahali pake. Mishipa myekundu, iliyovimba, ilikatiza kwenye weupe. Alikuwa amefungua maelfu ya saa, na hakuwahi kuona kazi safi namna ile.

"Hili ni langu?" aliuliza polepole.

"Ni lako, mzee. Na kioo cha mbele cha jicho ni kizima. Hilo ni jambo jema."

"Na huyo mdudu wa ugonjwa yuko wapi?"

"Humwoni. Ni virusi. Hata chombo changu hakimwoni. Kwake yeye, chembe ya vumbi ni mlima."

Mzee Tiki alilitazama tena jicho la kwenye skrini. Maisha yake yote alijivunia kuona kilicho kidogo. Leo alijua kwamba kidogo chake kilikuwa kikubwa. Alihisi heshima ya ajabu, kama mtu aliyefunguliwa mlango wa jumba asilolijua.

"Virusi hawa hawaambukizi kwa kutazamana tu," daktari aliendelea. "Hupita kwa mikono na vitu vilivyogusa jicho. Niambieni, kuna kitu gani kinachogusa macho yenu nyote wawili?"

Binti akatazama mfuko wa shati la baba yake. Mzee Tiki akaitoa lenzi taratibu, akaiweka mezani.

"Nimekupa mwenyewe, mwanangu," alisema. "Kwa mkono wangu."

"Hukujua, baba."

Mzee Tiki akauliza kuhusu ile dawa ya kahawia. Daktari akatikisa kichwa.

"Ile ya vidonda usiitie jichoni kamwe. Ingeweza kuunguza kioo cha jicho. Ya kwetu imetengenezwa kwa ajili ya macho, na ina kipimo chake. Natanguliza tone la ganzi, naitia mwenyewe, halafu nasafisha. Inaua vijidudu vya juu ya jicho. Vilivyojificha ndani, mwili wako utavimaliza. Si kila mgonjwa anaihitaji. Naamua nikishapima."

Alimuuliza kama dawa yoyote humletea vipele au uvimbe. Mzee alipojibu hapana, daktari akamtilia. Alipompima binti, aliona yeye haihitaji.

"Nyumbani, kitambaa safi chenye maji baridi juu ya kope kitapunguza kero," alisema. "Nawa mikono mara kwa mara. Usifikiche. Dawa za kuua bakteria haziui virusi, kwa hiyo usinunue matone ovyo dukani. Wengi hupona kwa wiki moja hadi tatu. Ila jicho likiuma sana, likishindwa kuvumilia mwanga, au ukiona ukungu, rudi siku hiyo hiyo."

Walifunga chumba cha kazi mpaka macho yakakauka. Wateja walinung'unika. Mzee Tiki aliwajibu mlangoni, mikono nyuma, bila kumshika mtu. Mkewe alimcheka kwamba amekuwa askari wa gwaride.

Siku waliyofungua, mezani palikuwa na lenzi mbili, na kando yake beseni la maji na sabuni. Ile ya zamani ilikuwa imeoshwa vizuri. Mzee Tiki alimpa binti yake.

"Hii ni yako sasa. Peke yako. Mimi nitazoea mpya."

Binti aliibana jichoni, akainamia saa. "Baba, hebu tazama hapa," alisema, akaanza kuitoa.

Mzee Tiki alinyoosha mkono kwa mazoea. Mkono ukasimama hewani, ukarudi. Akanawa, akavaa lenzi yake, akasogea. Lakini hakuitazama saa kwanza. Alilitazama jicho la mwanawe, jeupe, chini ya taa. Mboni ilijibana yenyewe mbele ya mwanga, bila ufunguo, bila betri.

"Baba, saa iko huku."

"Naijua ilipo," alisema. "Ngoja kidogo. Bado natazama."