Dawa ya Muhonja na Panya Weupe

Mtu yeyote wa mtaa wa Kaloleni aliyevimba magoti alijua nyumba ya Muhonja. Kila Jumamosi mama huyo alichemsha magome na mizizi katika sufuria kubwa, nyuma ya nyumba. Alifundishwa kazi hiyo na mama yake kule Maragoli. Wagonjwa walikuja na chupa zao. Baada ya siku chache walirudi wakitembea vizuri, wakimsifu.

Mumewe, Kweyu, alikuwa fundi wa reli. Miaka mingi ya kuinama na kubeba vyuma ilikuwa imemharibia magoti. Alikunywa kikombe cha dawa ya mkewe kila asubuhi kabla ya kwenda kazini. Alianza wakati mtoto wao wa kwanza, Luseno, alipoingia darasa la kwanza. Sasa Luseno alikuwa kidato cha nne.

Jirani yao, Vivian, alifanya kazi katika maabara ya utafiti wa dawa. Siku moja mwaka 1994 alimwambia Muhonja:

"Mama Luseno, wakubwa wangu wanachunguza dawa za kienyeji za uvimbe. Ukikubali, tutaipima yako."

"Mtaipimaje?"

"Kwa panya weupe. Tunamdunga panya sindano mguuni ili mguu uvimbe. Wengine tunawapa dawa, wengine maji matupu. Kisha tunapima miguu yao tuone tofauti."

"Maskini panya!"

"Wanaumia, sikufichi. Lakini bila wao tungejaribu moja kwa moja kwa watu."

Muhonja alicheka. Yeye alikuwa na magoti ya mtaa mzima kama ushahidi! Hata hivyo alitoa mfuko wa magome. Moyoni alitamani wasomi wajue kwamba mama yake hakuwa mjinga.

Siku Vivian alipoleta majibu, alikuwa akitabasamu.

"Inafanya kazi, mama! Miguu ya panya waliopewa dawa yako imepungua uvimbe. Ya wale wa maji bado imefura."

Muhonja alipiga vigelegele. Jumapili aliwatangazia akina mama kanisani, na wateja wakaongezeka.

"Subiri kwanza," Vivian alimsihi. "Tumejua inapunguza uvimbe. Hatujajua kama inadhuru. Panya wengine wataendelea kuinywa kila siku kwa muda mrefu, ndipo tuwapasue tuone ndani."

Muhonja hakusubiri.

Miezi hiyo, Kweyu alianza kuamka uso umevimba. Viatu vilimbana. Mkojo wake ulitoa povu kama la sabuni. "Ni uchovu wa kazi," alisema. Muhonja akamwongezea kikombe cha jioni.

Vivian aliporudi tena, hakuketi.

"Mama Luseno, wale panya wa muda mrefu figo zao zimeharibika. Wengine wamekufa."

"Labda mliwapa nyingi mno."

"Tuliwapa viwango mbalimbali. Hata wale wa kiwango kidogo, figo zao zimeanza kuharibika."

"Watu wangu si panya, Vivian!"

"Kweli. Si kila kinachomdhuru panya humdhuru mtu. Lakini figo zetu na zao zina kazi moja, kuchuja uchafu katika damu. Panya akidhurika, hilo ni onyo. Hapa nyumbani kuna anayekunywa kila siku?"

Muhonja aligeukia mlango wa chumba. Kweyu alitokea chumbani akijikokota, macho yamezama katika uvimbe. Vivian alimtazama, kisha akaziba mdomo kwa mkono.

Walimpeleka hospitali siku hiyohiyo. Daktari alipima damu na mkojo.

"Mzee, umekuwa ukinywa dawa gani?"

Kweyu alimtazama mkewe. "Sijanywa kitu, daktari. Chai tu."

Muhonja alimsogelea daktari. "Ni dawa yangu," alisema. "Ameinywa miaka mingi."

Figo zote mbili zilikuwa zimechoka kabisa. Mashine za kusafisha damu zilikuwa chache, na waliozingoja walikuwa wengi. Kweyu alifariki kabla zamu yake haijafika.

Muhonja aliporudi kutoka mazishini, alimkuta mteja wake Waruguru, mshonaji wa mtaa wa Umoja, amesimama mlangoni na chupa yake.

"Pole sana kwa msiba, Mama Luseno. Magoti yananiua. Nipe kidogo tu."

"Sitoi tena. Inaharibu figo."

"Si ulituambia imepimwa ikafaulu?"

"Niliwaambia nusu ya majibu. Nusu ya pili sikutaka kuingoja. Mkojo wako una povu?"

Waruguru aliinamisha kichwa. "Kidogo."

"Twende kliniki."

"Umeharibiwa na watu wa maabara," Waruguru alinung'unika. Lakini Muhonja alimshika mkono, wakaenda. Daktari aligundua kwamba figo zimeanza kudhoofika. Alimkataza kabisa ile dawa. Alimwonya pia asijinunulie vidonge vya maumivu dukani, maana baadhi yake huumiza figo vilevile. Akampangia dawa nyingine na siku za kurudi kupimwa.

Muhonja alienda kwa wateja wake wote, mlango kwa mlango, akiwaambia wakapimwe. Wengine walimtukana. Wengine walikwenda.

Mwaka uliofuata Waruguru alimletea kitambaa alichokidarizi mwenyewe. Magoti yake bado yaliuma siku za baridi, lakini figo zilikuwa zimepata nafuu, naye alikuwa amerudi kwenye cherehani.

"Umeniokoa, Mama Luseno."

"Usiseme hivyo," Muhonja alijibu, bila kugusa kitambaa. "Panya walipimwa. Wewe ulipimwa. Baba Luseno hakupimwa mapema. Yeye aliniamini tu."